Mgonjwa Amelala, Miguu Yake Nani Anaisemea?

(Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi iliyopita kwenye kikao chetu cha watu wa thieta na watu wa usingizi, hapa Morogoro. Wengi mlikuwa zamu mkaniomba, kwa hiyo nayaweka yote kama yalivyotoka mdomoni, picha za kwenye skrini nimeziacha.)

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, habari za asubuhi jamani. Mama Matroni, shikamoo. Madaktari wangu, wauguzi wenzangu, mafundi wa vifaa, na nyie watu wa nusu kaputi mliokaa kule mlangoni, naomba msogee mbele kwa sababu nusu ya haya maneno ni ya kwenu.

Nianze na swali. Ukikaa vibaya kwenye basi la Dodoma, mguu ukaanza kufa ganzi, unafanyaje? Unasogea, si ndiyo? Unajinyoosha, unamwomba jirani nafasi kidogo, hakuna aliyekufundisha, mwili umekwambia na wewe umesikia. Usiku ukilalia mkono unaamka unaugeuza. Sasa niambieni, mgonjwa wetu aliyepewa nusu kaputi, kalazwa kifudifudi masaa sita, mgongo umefunguliwa, skrubu zinaingia milimita chache tu kutoka kwenye uti wa mgongo, yeye mwili wake unamwambia nani? Mguu ukianza kuharibika saa 4 asubuhi sisi tutajua saa 9 alasiri, akishaamka, daktari anamwambia sogeza vidole, na vidole havisogei. Yale masaa matano ya katikati yalikuwa ya nani?

Kazi yangu ni yale masaa matano.

Mimi nakaa pembeni kabisa ya thieta na kompyuta yangu na waya zangu, nimeweka sindano ndogo nyuma ya kifundo cha mguu kwa upande wa ndani, na nyingine kwenye kiganja pale mkono unapokunjikia, na nyingine chini tu ya ngozi ya kichwa. Napiga umeme mdogo kwenye kifundo. Umeme unapanda na mshipa wa fahamu wa mguu, unaingia uti wa mgongo pale kiunoni, unapanda kwa njia za nyuma za uti, ukifika juu ya shingo, pale ubongo unapoanzia, unahamia upande wa pili, halafu unaenda mpaka utosini. Ukifika, kwenye skrini yangu kinatokea kilima kidogo. Kutoka mguuni kinatokea kwenye milisekunde 37 au 40 hivi kwa mtu mzima, kutoka mkononi milisekunde 20. Kitaalamu tunaziita potensho za somatosensori, kwa kifupi SSEP, lakini leo nitasema tu wimbi. Wimbi likifika, njia iko wazi. Wimbi likipungua, kuna mtu au kitu kimekanyaga njia. Ndiyo kazi nzima, nimeisema kwa sentensi mbili, ila ugumu wake uko kwenye kulipata hilo wimbi lenyewe.

Kwa sababu ni dogo mno, jamani. Tunaongelea mikrovolti moja, wakati mwingine nusu yake, na ubongo wenyewe muda wote unanguruma mikrovolti 20, 30, 50, bado taa, bado pampu za drip, bado koteri ya daktari, ile kalamu ya umeme ya kukatia na kuzuia damu. Utalisikiaje?

Twendeni nyumbani kwa bibi yangu Kilosa. Nyumba ya bati, masika, mvua inapiga bati mpaka hamsikilizani. Jirani wa pili anatwanga mahindi. Ukisikiliza pigo moja la mchi hulipati, mvua imelimeza. Lakini mvua haina mpango, inadondoka popote inapotaka, na mchi una mpango, unarudi kwa mapigo yaleyale. Kaa tulia dakika nzima, utashangaa sikio lenyewe linaanza kuutoa mchi ndani ya mvua, du, du, du, mpaka unajua kabisa mama fulani leo anatwanga. Mnanielewa? Kompyuta inafanya hivyohivyo. Inapiga umeme mara 300, kila pigo inaandika kilichotokea kichwani, halafu inajumlisha zote na kugawa. Kelele zisizo na mpango zinafutana zenyewe kwa zenyewe, wimbi lenye mpango linabaki. Tunapiga mara 4.7 kwa sekunde, kwa hiyo mara 300 ni kama dakika moja na sekunde nne.

Mtu ataniuliza mbona 4.7, kwa nini siyo 5 tupu? Swali zuri sana hilo, na wanafunzi wangu wote linawashinda mwanzoni. Umeme wetu wa ukutani unacheza mara 50 kwa sekunde. Hamsini inagawanyika kwa tano bila baki, kwa hiyo ukipiga mara 5 mngurumo wa umeme wa ukutani nao unaangukia palepale kila pigo, kama jirani mwingine ameanza kutwanga akifuata mapigo ya yule wa kwanza, hutawatenganisha tena. Ukipiga 4.7 huyo wa pili anapishana na wa kwanza, naye anageuka kuwa mvua tu.

Huu ujanja una mwenyewe. Ni George Dawson, London, hospitali ya Queen Square. Mwaka 1947 alikuwa na mgonjwa ambaye viungo vyake vinashtuka vyenyewe, akampiga umeme mdogo kwenye mshipa wa fahamu akaona wimbi kubwa kichwani, kubwa isivyo kawaida, akajiuliza kama huyu analo hivi basi sisi wazima nasi lazima tunalo ila ni dogo halionekani. Akapiga picha mistari mingi moja juu ya mwenzake kwenye filamu ileile, mpaka mahali inapokubaliana pakawa peusi zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akatengeneza na mashine ya kujumlisha. Kompyuta za leo bado hazijaja kabisa, na mtu ameshautoa mchi ndani ya mvua! Huwa namwaza sana huyu mtu nikiwa nawasha mashine asubuhi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenifanya nikubali kuja kusimama hapa. Mengine yote mnaweza kuyasoma. Hili naomba mnisikilize.

Nilikuwa mgeni kwenye hii kazi, nimemaliza mafunzo miezi michache tu, hospitali sitaitaja na wala haina haja. Mgonjwa alikuwa baba mmoja fundi cherehani, anapasuliwa kiuno, kalazwa kifudifudi, mikono imewekwa mbele pembeni ya kichwa, viwiko vimekunjwa. Siku ile nilikuwa nafuatilia na mikono, mshipa ule unaopita kiwikoni, ule ukijigonga unasikia umeme mpaka kidole kidogo. Mwanzoni wimbi lilikuwa zuri mikono yote miwili. Baada ya saa moja na nusu hivi mkono wa kulia ukaanza kushuka. Asilimia 20. Asilimia 40. Ukapita nusu. Mkono wa kushoto uko vilevile, miguu iko vilevile.

Mnajua sheria yetu, wimbi likipungua kimo kwa asilimia 50 au likichelewa kwa asilimia 10, unasema. Hakuna kusubiri. Na mimi niliona. Nataka mnielewe vizuri hapa, mashine iliona na mimi niliona. Lakini daktari alikuwa mtu mkubwa, profesa, ana mvi, thieta nzima imetulia inamsikiliza yeye, na mimi binti mgeni wa pembeni nitaanzaje kusema samahani profesa naomba tushike mkono wa mgonjwa, kazi isimame, shuka zifunuliwe, halafu ikute ni sindano yangu tu imelegea? Nikajiambia ngoja nirudie kupima. Nikarudia. Ngoja nibadilishe waya. Nikabadilisha. Mara ya nne nilivyorudia walikuwa wanashona.

Yule baba aliamka miguu mizima, kiuno kimepona, kila mtu anashangilia, ila kidole kidogo na cha pete cha mkono wa kulia havina hisia na havina nguvu. Kiwiko kilikuwa kimekandamizwa na ukingo wa ubao wa mkono, sponji ilikuwa imeteleza. Kusogeza sponji ni sekunde kumi. Kwa fundi cherehani huo ndio mkono wa mkasi. Nilienda kumwona wodini, alikuwa amekaa kitandani anajaribu kubana ncha ya shuka kati ya vidole, inateleza, anaiokota, inateleza, wala hakujua kama mimi ndiye. Mkono ulirudi, namshukuru Mungu, lakini ulichukua zaidi ya miezi mitatu na cherehani ilikaa imefunikwa muda wote huo na watoto wanakula.

Nani alikosea pale? Sponji? Mashine? Profesa hakuambiwa kitu, angejuaje? Nilikosea mimi, na kosa langu halikuwa la kutojua. Lilikuwa ni heshima iliyokaa mahali pasipo pake. Sisi tumelelewa hivyo na ni malezi mazuri, mkubwa akiongea mdogo ananyamaza. Lakini yule baba aliyelala alikuwa ni mkubwa wangu pia, tena mkubwa kuliko wote mle ndani siku ile, na mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake.

Tangu siku ile kabla kisu hakijagusa ngozi mimi namfuata daktari, awe nani, namwambia shikamoo daktari, wimbi likishuka ungependa nikwambieje? Basi. Swali hilohilo, kila siku. Akishanijibu ameshanipa ruhusa mwenyewe, na saa ya hatari haina kuogopana. Wengi wanasema niambie tu moja kwa moja, mguu gani, imeshuka kiasi gani, mikono ikoje. Na kweli hayo matatu yanatosha.

Kwa nini mikono? Hapa watu wa usingizi ndipo nawahitaji. Mtu anapasuliwa mgongo chini, mikono inakuwa shahidi wetu. Mikono na miguu yote ikishuka pamoja, kwa kawaida tatizo ni la mwili mzima, presha imeanguka, mgonjwa amepoa, damu imepungua, au dawa imeongezwa. Miguu ikishuka peke yake na mikono imesimama imara, tatizo liko pale daktari alipo na mikono yake. Mkono mmoja ukishuka peke yake, kashike kiwiko, kaangalie bega. Ukiyajua hayo umeshamaliza nusu ya kutafuta.

Niwape sasa kisa cha pili, hiki kilitokea India, Chennai, nilipokuwa nimeenda kuongeza mafunzo. Mnajua wagonjwa wetu wengi wa mgongo wanapelekwa India, sasa akaja binti wa miaka 14 kutoka Tanga na mama yake, kibiongo chake kimepinda upande karibu digrii 80, mapafu yameanza kubanwa. Anatakiwa kuwekewa rodi, yaani vyuma virefu vya kushikilia mgongo, mgongo unyooshwe.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Hizi rodi zilianza kushika kasi na Paul Harrington kule Houston, Marekani, alikuwa na watoto wengi waliopinda migongo kwa sababu ya polio. Rodi zilinyoosha watu kweli. Lakini ukivuta mgongo unavuta na uti uliomo ndani, na baadhi ya watoto waliingia thieta wanatembea wakatoka miguu imekufa. Ndipo mwaka 1973 Wafaransa, Vauzelle na Stagnara na mwenzao, wakaandika njia yao ya kumwamsha mgonjwa katikati ya upasuaji. Ndiyo, katikati, mgongo uko wazi. Unapunguza dawa, unamwita, minya mkono wangu, akiminya unajua anasikia, halafu unamwambia sogeza miguu. Akisogeza, mnamlaza tena mnaendelea. Ni kipimo cha ukweli na mpaka leo kinaheshimika. Ila kinakupa jibu la dakika ile moja tu, dakika inayofuata hujui kitu, na mtoto anaweza kushtuka akavuta mpira wa kupumulia. Ndiyo maana miaka hiyohiyo ya 70 Nash na Brown kule Cleveland, na Tamaki na wenzake Japani, walikuwa wanahangaika kutafuta njia ya kuusikiliza uti muda wote bila kumwamsha mtu.

Turudi Chennai. Mle thieta hakuna anayejua Kiswahili ila mimi, na yule binti Kiingereza kilikuwa cha kubahatisha. Usiku wa kabla nikaenda wodini kwake tukafanya mazoezi. Nikamwambia mdogo wangu, kesho kama nikikuita utajisikia kama uko mbali, kwenye ndoto, usiogope, hutasikia maumivu, minya tu mkono wangu, halafu nikisema chezesha vidole vya miguu, chezesha. Tukafanya mara tano mara sita, anacheka, vidole vya miguu vina hina mpaka kwenye kucha, kulikuwa na harusi ya dada yake kabla hawajasafiri. Mama yake anatuangalia hasemi kitu, anasoma dua tu.

Kesho yake mambo yalienda vizuri mpaka rodi ya pili. Mguu wa kushoto ulikuwa na mikrovolti 1.4 tangu asubuhi. Daktari akageuza rodi kunyoosha, nikapima, 0.9. Nikapima tena, 0.5. Kulia nako kumeshuka kidogo, 1.2 imekuwa 0.8. Mikono imesimama kama nguzo. Nikasimama nikasema kwa sauti, mguu wa kushoto umeshuka zaidi ya nusu, kulia unafuata, mikono iko sawa. Sikusema samahani.

Na hapa ndipo niliona thieta inavyotakiwa kuwa. Daktari akainua mikono juu ya jeraha, akasema zima muziki. Mtu wa usingizi akasema presha ya wastani ni 62, naipandisha mpaka 85, na akatuma damu ipimwe. Muuguzi akaandika saa ukutani. Mimi nikakagua sindano zangu zote, ziko sawa. Daktari akalegeza rodi, akarudisha mpinda ulivyokuwa. Halafu tukasubiri, ile dakika moja na sekunde nne ya mapigo 300. Mnaijua dakika ndefu? 0.5. Tena. 0.6. Dakika kumi zimepita, 0.6. Daktari akaniangalia mimi, akasema tunamwamsha.

Nikaingia chini ya shuka upande wa kichwa, nimepiga magoti sakafuni, uso wake uko kwenye sponji ya duara, nimeshika kidole chake. Dawa inapungua. Nikamwita jina. Kimya. Nikamwita tena, mdogo wangu, ni dada, tuko kwenye ile ndoto yetu, minya mkono wangu. Akaminya. Kidogo sana lakini akaminya. Nikasema chezesha vidole vya miguu. Kule miguuni kuna muuguzi Mtamil amefunua shuka ameshika tochi, akasema kulia ndiyo. Halafu kimya. Nikamwambia mdogo wangu na kushoto, chezesha kushoto, kama jana. Kimya. Nikamwambia tena. Ndipo yule muuguzi akapiga kelele kwa lugha yao, sikuelewa neno hata moja na nikaelewa yote, maana thieta nzima ilishusha pumzi. Kidole gumba chenye hina kilikuwa kimeinama chini, kikarudi.

Wakamlaza. Rodi wakaiweka kwa kunyoosha kidogo tu, siyo kama walivyopanga. Mpaka wanashona kushoto kulikuwa kumerudi 1.1. Yule binti mgongo wake haukunyooka wote, picha zake ukiziona bado kuna mpinda, na alirudi Tanga anatembea kwa miguu yake miwili. Mama yake aliniuliza kama wamemaliza kazi. Nikamwambia mama, wameacha palipotakiwa kuachwa.

Sasa watu wa usingizi, nyie ndio mnaoshika koo la wimbi langu. Dawa za kuvuta, halotheni, aisofluraini, sevofluraini, zote zinashusha wimbi la kichwani, na kadiri unavyoongeza ndivyo linavyozama, ukichanganya na naitrasi oksaidi ndiyo kabisa. Wenzetu wanapenda propofoli kwa pampu pamoja na dawa za jamii ya mofini, wimbi linabaki zuri. Na ketamini! Hii ketamini yetu ambayo wengine wanaidharau kwamba ni dawa ya wilayani, inaliongeza wimbi, ndiyo, inalikuza. Kwa hiyo mkiniambia hospitali yetu haina dawa za kisasa nawaambia moja ya dawa nzuri kwa hii kazi iko kwenye kabati lenu leo. Dawa za kulegeza misuli hazinisumbui kwenye SSEP, zinanisaidia hata, misuli ikitulia kelele zinapungua. Ninachoomba kwenu ni kitu kimoja, ukibadilisha dawa sema. Ukipiga bolasi, dozi ya mara moja kwenye mshipa, sema. Siku moja mikono na miguu yote ilishuka pamoja, daktari akasimama, jasho linamtoka, tumepoteza robo saa, kumbe mwenzetu alizungusha juu vepoaiza, kile kifaa kinachotoa dawa ya kuvuta, kwa sababu presha ilipanda. Hakuwa na kosa la kuzungusha. Hakutuambia tu.

Na sasa niseme udhaifu wa hiki kipimo, maana nisipousema nitakuwa nimewadanganya. Wimbi hili linapanda kwa njia za nyuma za uti, njia za hisia. Njia zinazoshusha amri ya kusogeza mguu ziko pembeni na mbele, na damu yao ni tofauti. Nyuma kunalishwa na mishipa miwili ya damu ya nyuma, theluthi mbili za mbele zinalishwa na mshipa mmoja wa mbele. Maana yake nini? Mshipa wa mbele ukiziba, miguu inaweza kufa na wimbi langu likaendelea kupanda zuri kabisa. Mwaka 1985 madaktari wa Marekani waliandika kisa cha namna hiyo, wimbi halikupotea na mgonjwa akaamka amepooza. Mwaka 1995 Nuwer na wenzake wakakusanya upasuaji 51,263 wa mgongo uliofuatiliwa kwa SSEP, na waliodhurika huku wimbi limesimama walikuwa asilimia 0.063. Piga hesabu, ni kama watu 32. Wachache? Ndiyo wachache, ila mwambie hivyo mmoja wa hao 32. Ndiyo maana siku hizi penye uwezo tunaongeza kipimo cha pili cha njia za amri, unapiga umeme kichwani unasikiliza misuli ya mguu, mlango ambao Merton na Morton waliufungua kule Uingereza 1980. Na hicho cha pili sasa ndicho dawa za kulegeza misuli zinakiua, kwa hiyo hapo tutaelewana tena upya.

Ule uchunguzi wa Nuwer una kitu kingine ambacho mimi nakipenda kuliko zile asilimia. Timu zenye uzoefu zilikuwa na madhara chini ya nusu ya timu zisizo na uzoefu. Mashine zinafanana! Tofauti ni watu waliokaa pamoja wakazoeana.

Najua mnachowaza, hiyo mashine hatuna. Najua. Accra wanayo, hospitali ya FOCOS aliyoianzisha Dk. Oheneba Boachie-Adjei wanapasua migongo migumu kabisa, kwa hiyo Afrika inawezekana. Lakini wewe wa hapa, Jumatatu ufanye nini? Presha usiache ianguke uti ukiwa hatarini. Viwiko vikague mwenyewe kwa mkono wako, halafu baada ya saa moja ingiza mkono chini ya shuka ukague tena, sponji zinateleza. Andika kwenye faili kabla ya upasuaji vidole gani vilikuwa vinasogea na kwa nguvu gani, maana asubuhi usipoandika alasiri utabishana na nani? Na kile kipimo cha Wafaransa kinahitaji mazoezi ya jioni moja tu na lugha ya mgonjwa mwenyewe. Kama ni Msukuma mzee, tafuta mtu amfundishe kwa Kisukuma, na huyohuyo awe kichwani pake kesho yake. Mtu akiwa nusu usingizini anaisikia lugha ya mama yake, hizi nyingine zote zimelala.

Nimeongea sana, na chai naisikia harufu. Kabla hamjatoka, mashine yangu ndogo ile pale mezani nimeileta. Sindano sitaweka leo, nitatumia za kubandika. Nataka mtu mmoja wa usingizi aje, ndiyo wewe kaka wa mlangoni, njoo ukae hapa, kunja shati. Nitapiga umeme kwenye kiganja chako mpaka kidole gumba kianze kucheza chenyewe, haumi, unashangaza tu. Wengine wote naomba mnyamaze dakika moja na sekunde nne na mzime simu, mwangalie ukutani kwenye milisekunde 20. Mwanzoni mtaona mvua tupu.